Redio Naing'oa Mwenyewe

...waya wa njano ndio unaokunywa betri moja kwa moja, gari liwe linakwenda au limelala, na mwekundu unaamka ukizungusha ufunguo na kulala ukiuchomoa, ndivyo alivyonieleza fundi wa umeme wa magari pale njia panda, alinieleza polepole kama anamfundisha mtoto kuvaa viatu, akasema dada, kitu kimoja tu nakuomba, usije ukaziunganisha hizi mbili pamoja, redio haitalala, hata ukiizima kwa kitufe itabaki inanyonya usiku kucha, na betri yenyewe ishachoka, asubuhi gari haliwaki, nami nikamwambia asante fundi, umenisaidia sana, na kweli kanisaidia, hajui tu alivyonisaidia, maana hizi hapa sasa, mwekundu kidole hiki, wa njano kidole hiki, nimezimenya ncha kwa meno kwa sababu mkasi umeangukia chini ya kiti, shaba inang'aa, zinangoja tu nizisokote pamoja, nifunge tepu nyeusi juu, nirudishe redio yake ya zamani na fremu ya plastiki, nimkabidhi mtalaka wangu ufunguo kwa mikono miwili kama mke mwema, haya, gari lako hilo, nenda salama, halafu asubuhi... ah, asubuhi ndiyo sikukuu yangu, namwona kabisa, anatoka nyumbani kwa yule mwanamke na shati lililopigwa pasi na mkono mwingine, kajipulizia manukato mpaka kuku wanapiga chafya, anaingia, anazungusha ufunguo, tik, kimya, anazungusha tena, tik, na yule mwanamke kasimama mlangoni na gauni la kulalia anauliza nini tena mpenzi, na yeye anajifanya fundi, anafungua boneti, anatazama ndani kama mtu anayetafuta kijiko kilichozama kwenye sufuria, haoni kitu, ataona nini, ubaya haupo huko, ubaya upo nyuma ya redio, basi asukume, asukume na hivyo viatu vyake vilivyochongoka, majirani wanachungulia, jasho la makwapa, achelewe kazini, na kesho yake tena, na kesho yake tena, anunue betri mpya nayo ife, mpaka siku atakayokaa kitako pale barabarani anikumbuke, atanitambua, atakiona cha mtema kuni... "Bado tu?" huyo ni baba yake mdogo, anaita kutoka sebuleni, wamekaa humo wanakunywa chai yangu, yeye na baba yake mdogo na kaka yangu, kaka aliyekuja kunisimamia na badala ya kunisimamia anacheka nao, nasikia kicheko chake, ndiye anayecheka kuliko wote, "Bado kidogo, baba mdogo!" nimejibu kwa sauti tamu, asali tupu, hata mwenyewe nimejishangaa, na magoti ya mama yapo hapa karibu na sikio langu, magoti ya mama mkwe, amekaa kiti cha mbele tangu nilipoanza kazi, amevaa vazi lake la kutokea, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba, nimemwambia mama kaa ndani na wenzio mpaka nimalize, akasema ndani kuna maneno mengi, akajikokota na miguu yake ile, akaingia, akafunga mlango, ananitazama nilivyopiga magoti kwenye kiti cha dereva kichwa kimezama chini ya dashibodi, haulizi sana, mara moja tu kauliza hicho kinachoning'inia ni nini, nikamwambia waya mama, akasema haya.

Na nyaya zenyewe zimevurugwa na nani kama si yeye, mwanawe, fundi wa kujipachika, siku alipoifunga redio hii mpya soketi ya gari ilikataa kuingia, watu wenye akili wananunua kile kiunganishi cha kati, kitu kidogo tu, yeye akasema upuuzi, akaikata soketi kwa kisu, kisu changu cha jikoni, kwap, akaanza kusokota waya kwa waya na rangi hazifanani, huku buluu huku kahawia, na mimi nimesimama hapo nimeshika tochi, shika tochi vizuri, huku, si huko, wewe unaangalia wapi, mkono umekufa ganzi na bado shika tochi vizuri, miaka yote ya ndoa nikiikamua inatoka sentensi hiyo moja, na kwa sababu niliishika hiyo tochi ndiyo maana leo najua kila waya ulikokwenda, yeye hajui, kasahau, na soketi aliyoikata ingekuwepo leo hii nisingekuwa na la kufanya, ningechomoa hii nikachomeka ile ya zamani, basi, mashine haina njama, lakini kaikata, kaniachia mkia wa nyaya uchi, kaniwekea silaha mkononi mwenyewe, na juzi walipokaa kugawana vitu akaongeza na jingine, walisema gari lake, vyerehani vyangu, nikasema na redio ya gari yangu, niliinunua mimi, nilishona sare za shule mpaka macho yakavimba, wakacheka, mwanamke wa nini na redio ya gari, ataiwasha kwenye kabati, na yeye akapunga mkono kama anafukuza nzi, achukue tu, lakini aing'oe mwenyewe, mimi sishiki bisibisi, na airudishe ile ya zamani, gari langu lisiende na tundu, wakacheka tena, haya, naing'oa mwenyewe, nimelegeza betri kwa spana, nimebandua fremu kwa kisu cha mezani nilichokizungushia kitambaa nisikwaruze, nimefungua skrubu, nimeivuta ikaja na utumbo wake wote, imelala hapa kwenye kiti karibu na mkono wangu, kioo chake cheusi, kimya, kioo hiki, Mungu wangu, kioo hiki ndicho kilichonifungua macho, bila hiki mpaka leo ningekuwa napika chai ya watu watatu, mimi na mume wangu na rafiki yangu wa chanda na pete, tunayemwita Kisauti kwa kile kisauti chake chembamba, Kisauti aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu, Kisauti anayejua sufuria gani nyumbani kwangu ina mpini mbovu, na siku ile nimetoka kununua vitambaa namkuta kituoni jua kali, nikamwambia ingia nikupeleke, akaingia, akafunga mkanda, akasema jamani, ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda hili gari lenu, lina raha, mwenzangu, akapapasa kiti, lina raha kweli, na kabla sijaingiza gia kioo kikawaka, kikaandika jina la simu yake, Kisauti, na kamoyo kadogo pembeni, IMEUNGANISHWA, yenyewe, hakuna aliyeigusa, maana redio hii simu isiyoijua haiingizi mpaka uikubalishe kwa mkono, na simu inayoijua haiulizi, inaikaribisha tu kama mtu wa nyumbani, na wimbo ukaanza, haukuanza mwanzoni, ulianza katikati, pale ulipokatizwa mara ya mwisho alipoteremka, na Kisauti akatazama dirishani, na mimi nikatazama barabara, na wimbo unaimba, mtu wa tatu ndani ya gari, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuzima, mpaka tukafika kwake, akasema asante shoga, akateremka, wimbo ukakatika, kioo kikaandika IMETENGANA, na mimi nikakaa pale na injini inawaka, sikulia, watu wanadhani nililia, sikulia hata chozi, nilikuwa najumlisha, zile safari za kupeleka gari kwa fundi, zile foleni za ajabu, kile kiti cha mbele ambacho kila nikikipanda nakuta kimesogezwa nyuma, na mimi mpumbavu nikidhani ni mama na miguu yake...

"Mwanangu," mama anasema juu ya kichwa changu, "abee mama," "ile kliniki yangu ni keshokutwa," "najua mama," "saa moja asubuhi wanaanza kutoa namba," "najua mama," najua kuliko huyo daktari, mimi ndiye ninayemwamsha kungali giza, mimi ndiye ninayeficha mkate asije akajisahau akamega, maana ni kliniki ya sukari na damu inapimwa tumbo tupu, mimi ndiye ninayebeba chupa ya chai na yai kwenye mkoba ili akishachomwa sindano tu ale palepale kwenye benchi, kwa sababu siku ile moja tulipochelewa alianza kutetemeka mikono, akatoka jasho baridi, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa, akaniangukia kifuani, na muuguzi aliyetukimbilia na maji ya sukari akamwambia bibi, shukuru una binti, na mama hakumrekebisha, wala mimi sikumrekebisha, "umemwambia mwenzio?" ananiuliza, "si mwenzangu tena mama," "basi umemwambia mwanangu?" na sauti yake haina ugomvi, anauliza tu, na vidole vyangu... ngoja kwanza, keshokutwa... gari linaondoka leo na mama ndani yake, anahamishiwa kule, linalala kule leo, linalala kesho, na keshokutwa kungali giza tumbo tupu mama anatolewa nje na mkoba wake, anaingizwa kiti cha mbele, na ufunguo unazungushwa, tik... lo... tik, na huyu mwanawe anafungua boneti anatafuta kijiko kwenye sufuria, na mama amekaa, hasemi kitu, mama hajawahi kumsumbua mtu, atakaa hivyohivyo mikono juu ya mkoba mpaka mikono ianze kutetemeka, na mkobani hakuna yai, nani atakuwa ameweka yai, Kisauti? thubutu, Kisauti hata kuku wake mwenyewe anasahau kumpa maji, na yeye mwanawe hajui hata dawa ya asubuhi ni ipi na ya jioni ni ipi, ile nyeupe kubwa au ile nyeupe ndogo, hajawahi kuuliza, na mimi niko hapa nimepiga magoti nasokota shimo atakaloangukia mama, si yeye, yeye atatoka jasho la makwapa atanawa, mama ndiye... nimezitenganisha, nyaya, nimezitenganisha haraka kama vile zimeniunguza, moja huku moja huku, na betri nimeilegeza, hakuna umeme, haziwezi kumuunguza mtu.

Halafu hasira ikarudi, tena imerudi na wenzake, kwa sababu hata kulipiza kisasi kanizuia, kajikinga na mama yake kama mtu anayejikinga mvua kwa mwavuli wa kuazima, na kwa nini anamchukua, eti kwa nini, hivi katika kugawana kule nani aliuliza mama anataka kukaa wapi, baba mdogo alisema tu mama hufuata mwanawe, hawezi kubaki kwa mtalaka, watu watasemaje, na yeye akaitikia kwa kichwa, watu watasemaje, hapo ndipo shida yake ilipo, watu, kazini kote amewaambia mimi mama yangu namtunza mwenyewe, na Kisauti, ah, Kisauti ameshatundika mapazia mapya, nimeambiwa na muuza mkaa, anapita nyumba kwa nyumba na kisauti chake, mama mkwe anahamia kwangu, mama mkwe anahamia kwangu, kwa sababu mama akilala kule usiku mmoja tu basi yule si hawara tena, ni mke, mama kambariki, yameisha, watu watazoea, watu huzoea haraka... na kama mama haendi? ngoja, kama mama haendi, kama anateremka sasa hivi kwenye kiti hiki na mkoba wake, anarudi chumbani kwake anavua vazi la kutokea, na yule anaondoka na gari lake na kiti cha mbele kitupu, mchana kweupe, mtaa mzima uko nje, mshona viatu yuko nje, muuza mkaa yuko nje, watauliza mama yuko wapi, mama kabaki, kabaki kwa nani, kabaki kwa mkwewe, mama mzazi kamkataa mwanawe kafuata mkwe, lo, hapo hahitaji mtu kuelezwa nani alikosa na nani alikosewa, mwanawe ataficha wapi uso, na mapazia ya Kisauti yatapepea peke yake, betri ni mchezo wa watoto, betri anaweza kununua nyingine, hii ndiyo itakayomkata maini, hii hainunuliwi, na nimeanza kucheka peke yangu chini ya dashibodi, kimya kimya, mabega yanatikisika, mama lazima anayaona, halafu nimeacha kucheka kwa sababu jambo kama hili mkwe hamwambii mama wa mumewe, ni yeye ndiye angesema, mimi nikisema nimevunja heshima, nimemtoa mtu kwa mwanawe wa kumzaa, lakini nikinyamaza wanamaliza chai, wanatoka, basi... "Mama," nimesema, kichwa bado kimo chini humu, nasema na nyaya, "mama, usiende. Baki na mimi. Chumba chako nakiacha kilivyo. Kliniki nitakupeleka, tutapanda hata pikipiki, tutatembea, usiende kule."

Nasikia kijiko kinakoroga chai sebuleni, nasikia kaka yangu anasimulia kitu, nasikia mama anavuta pumzi kwa pua kama anavyofanya kabla ya kuinuka kitini, nikadhani anainuka, anateremka, anateremka, jamani waone, lakini hakuinuka, mkono wake umekuja begani kwangu, mkono mkavu, mwepesi, "toa kichwa huko nikuone," anasema, nimekitoa, nywele zimejaa vumbi, uso sijui una nini, na ananitazama, hana haraka, ananitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza nilipoletwa nyumbani kwake, halafu anauliza kwa sauti ya chini wasisikie kule ndani, "Hilo unaloniomba, mwanangu, unanitaka mimi, au unataka kumkomoa yule?" na mimi nimefungua mdomo niseme wewe mama, nakutaka wewe, ni wewe tu, neno jepesi hilo, mtoto angelisema, na limekwama, halitoki, kwa sababu sasa hivi tu nilikuwa nacheka, na katika kicheko kile mama hakuwemo, mlikuwa na kiti kitupu na mtaa na mapazia na uso wa mwanawe unavyobadilika rangi, mama aliyenifundisha kumpakata mtoto wangu aliyefariki, aliyelala sakafuni karibu na kitanda changu siku zile mwanawe alipokuwa kwenye foleni za ajabu, mama huyu nilimwona fimbo, fimbo nzuri ya kumpigia mtu, nikaenda kuishika, "maana yeye naye," mama anasema, na anageuza uso kidogo kuelekea sebuleni kunakotoka kicheko, "yeye naye alipokuja kunichukua hakunitaka mimi. Alitaka watu wasiseme," hajanikaripia, ingekuwa heri angenikaripia, mkono wake bado uko begani, na mimi namchukia mwanawe, namchukia vilevile kama nilivyomchukia asubuhi, hakuna kilichopungua hata tone, mtu asije akanidanganya kwamba kinapungua, ila nimejiona nimekaa naye benchi moja, mimi na yeye, tumemshika mama huku na huku tunavuta, na hapo kwenye benchi hapana nafasi ya kumcheka, na jibu ninalo, jibu ni yote mawili, mama, nakutaka na nataka kumkomoa, na sijui lipi lilitangulia, tangu siku ile ya kliniki nakutaka, lakini leo leo hii, kwenye kiti hiki, sijui, na kama nitakwambia nusu moja nitakuwa nimekudanganya, na wewe hujawahi kunidanganya, "Wewe mwanamke, chai imekwisha huku!" anaita yeye sasa, mwenyewe, mwenye gari, na mama hageuki kumtazama, vidole vyangu vimerudi kwenye nyaya vyenyewe, wa njano wa redio ya zamani kwa mwenzake wa gari, nausokota, nakaza, tepu, mwekundu kwa mwenzake, tepu, vizuri, kwa sababu atakwenda au hatakwenda keshokutwa gari litawaka, na mama bado ananitazama, anasubiri nimwambie.